Lipa kwanza, utaelewa kesho: nani anakula katika giza la kodi Lubumbashi?

Lubumbashi. – Mama kijana mmoja wa komini ya Katuba alifungua atelie ya kushona mwanzoni mwa mwaka. Mashini moja, meza moja ya kukatia vitambaa, na kioo alichoazima kwa yaya yake. Wiki ya pili haijaisha, alikuwa amekwisha pokea wageni wanne ambao hawakuja kushona nguo. Wa kwanza alidai takse ya bango, na bango lenyewe ni kipande cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya mlango neno moja tu, «Couture». Wa pili alizungumzia patanti. Wa tatu alisema anakusanya makuta ya usafi. Wa nne hakusema anatoka wapi. Alionyesha karte kwa mbali, akairudisha mfukoni kabla haijasomwa.

«Papa, hii ni ya nini?» mama aliuliza.

«Mama, lipa kwanza, utaelewa kesho.»

Aliwalipa wawili. Wa tatu alimpa nusu, bila kitansi. Wa nne alipokaribia tena siku iliyofuata, mama alifunga mlango kwa ndani na kukaa kimya juu ya kiti mpaka viatu vikasikika vinaondoka. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kabaya yake saa hiyo hiyo alikuta mlango umefungwa, akaenda kwa fundi mwingine.

Watu wa ofisi wana jina la tabia hiyo ya kufunga mlango. Wanaiita incivisme fiscal, yaani mwananchi hapendi kuchangia nchi yake. Jina hilo linarudiwa kwenye redio kila mwaka unapoanza, na linarudiwa na watu wenye elimu ambao wangepaswa kuona haya kulisema. Mama wa Katuba hakukataa kodi. Alikataa kutoa makuta kwa mtu asiyemjua, kwa sababu asiyoelezwa, kwa kiasi kisichoandikwa popote. Kama huo ndio uovu, basi kila mtu mwenye akili timamu katika mji huu ni mwovu.

Kuna sababu ya historia ambayo Lubumbashi inaisahau haraka. Katika mji huu, kwa vizazi vitatu, neno kazi lilikuwa na maana moja: kazi ya kampuni. Baba aliingia Union Minière, baadaye Gécamines, au alikuwa mtu wa reli pale SNCC. Kampuni ilimpa nyumba, ikampa unga wa bukari, ikasomesha watoto, ikamtibia bibi yake hospitalini. Kodi ilikatwa kwenye mshahara kabla baba hajaushika mkononi. Mchango wa uzee ulikatwa hivyo hivyo. Yeye aliona mstari mmoja tu kwenye karatasi ya malipo, na wengi hawakuusoma. Hawakuhitaji kuusoma, mtu mwingine alikuwa anawafanyia hesabu.

Halafu, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Hiari hiyo kila mzee wa mji anajua ilikuwa ya namna gani. Watoto wa wazee hao ndio leo wanaouza unga, wanaoendesha moto, wanaochomelea milango ya chuma, wanaosuka nywele, wanaotengeneza telefoni kwenye vioski. Walirithi mji wenye cheminée na kilima cheusi cha takataka za shaba, lakini hakuna aliyewarithisha elimu ya mtu asiye na bosi. Shule inafundisha mtoto kuandika barua ya kuomba kazi. Haimfundishi kutofautisha patanti na kodi ya mapato, wala kujua ni ofisi ipi ina haki ya kumgongea mlango. Mtu anatoka darasani na diploma ya serikali akiwa mjinga kabisa mbele ya ajenti mwenye kitabu cha risiti.

Na ujinga huo una faida kwa mtu.

Sheria zenyewe si nene kiasi wanachodai. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria, na kwamba kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila mtu anayeishi Kongo. Sentensi hizo mbili zinakaa pamoja katika kifungu kimoja. Watu wa ofisi wanapenda kusoma ya pili na kuruka ya kwanza. Bila sheria hakuna kodi. Kuna mtu tu anayeomba makuta.

Anayeanza biashara anakutana na milango miwili mikubwa. Mlango wa kwanza ni patanti, ya mfanyabiashara mdogo ambaye hayumo katika rejista ya biashara. Kanuni yake ya biashara ndogo ni ya 1979, wakati wa Zaire, nayo ni ya zamani kuliko wengi wa wanaoilipa leo. Mlango wa pili ni rejista yenyewe, ile RCCM, ambayo Kongo iliipata ilipoingia OHADA mwezi wa Septemba 2012. Mtu anakwenda kwenye Guichet Unique, anaandikishwa, anapata namba ya kodi, na kuanzia hapo anajulikana na DGI. Sheria ya OHADA ina pia kimlango cha tatu, cha mtu anayeitwa entreprenant, anayetangaza kazi yake bila kuandikishwa kama mfanyabiashara kamili. Waulize washonaji 10 wa Katuba kama wamewahi kusikia neno hilo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa kwa urahisi zaidi. Kanuni ya 23 Februari 2013 kuhusu biashara za ukubwa mdogo iliweka mipaka kwa faranga. Kwa kanuni hiyo, ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi milioni 10 alihesabiwa kuwa mdogo kabisa, alilipa kiasi kimoja kisichobadilika kwa mwaka. Kutoka milioni 10 hadi 80, alilipa asilimia 1 ya mauzo kama aliuza vitu, na asilimia 2 kama aliuza kazi ya mikono au huduma. TVA ya asilimia 16 inaanza baada ya milioni 80. Ajenti anayemtisha muuza nyanya kwa TVA anamdanganya.

Neno la kushika hapo ni mauzo. Si faida. Tuseme mama mmoja wa soko la Kenya anauza unga kadogo kadogo. Kwa siku anaingiza faranga 40,000. Katika hizo, 36,000 zinarudi kununua unga mwingine, zinabaki 4,000. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, mauzo yake ya mwaka ni 12,480,000. Amevuka milioni 10, na asilimia 1 yake ni faranga 124,800. Faida yake ya mwaka ni 1,248,000. Kwa hiyo ile asilimia 1 inayosikika kama punje ya chumvi imekula sehemu moja katika kumi ya kile anachokula yeye na watoto. Mshonaji anayeletewa kitambaa na mteja anatoa asilimia 2, lakini karibu yote anayopokea ni jasho lake, ukitoa uzi na umeme. Yule wa asilimia ndogo ndiye anaumia zaidi. Hakuna ofisi iliyowahi kusimama sokoni kueleza jambo hilo kwa Kiswahili.

Kuna kitu kingine kibaya zaidi katika mpaka huo wa milioni 10. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa kama faranga 920, basi milioni 10 ilikuwa karibu dola 10,900. Mwaka 2024 dola ilifika faranga 2,800 hivi, na milioni 10 ile ile ikawa karibu dola 3,600. Bei ya unga ilipanda pamoja na dola. Mpaka ulibaki pale pale, na mama wa soko akasukumwa kuuvuka bila kuongeza hata mfuko mmoja wa unga. Hakukua. Faranga ndiyo iliyopungua. Na kila wakubwa wa Kinshasa wanapobadili namba hizo, hakuna ukuta mjini ambao mama huyo anaweza kwenda kuzisoma.

Hata hivyo, tuiache kodi ya mwaka kidogo na tumwangalie mtu wa faranga 500. Yule anayepita kila siku, asubuhi au saa nane, na kuondoka na noti moja bila kuacha karatasi. Faranga 500 ni kitu gani? Kwa siku 312 za kazi ni faranga 156,000. Zaidi ya kodi nzima ya DGI kwa mama yule yule. Zimelipwa zote, zimekwenda, na mwisho wa mwaka mama bado anahesabiwa kuwa mtu asiyelipa kodi. Huo ndio wizi wenye akili kuliko yote: unachukua makuta ya mtu na heshima yake kwa pamoja.

Wanaotetea hali hii wanasema maajenti hawalipwi vizuri. Ni kweli kwamba wengi wanakaa muda mrefu bila mshahara wa maana, na mtu mwenye watoto hawezi kula hewa. Lakini jibu la ajenti asiyelipwa na Leta haliwezi kuwa mshonaji. Yule mshonaji hakumwajiri.

Na si kwamba njia safi haipo. Kwa malipo yanayopita DGRAD, utaratibu uliandikwa kwa makusudi ili mkono mmoja usifanye yote. Huduma moja inaona na kuhesabu kinachodaiwa. Nyingine inatoa karatasi iitwayo note de perception, yenye jina la mdaiwa, sababu, na kiasi. Makuta yenyewe yanaingia benki, na benki inatoa uthibitisho. Idara za mapato za majimbo, kama DRHKAT hapa Haut-Katanga, zinatumia pia karatasi hiyo. Barabarani Katuba, mtu mmoja anaona, anahesabu, anaamuru, anapokea, na anatumia. Ofisi nne ndani ya shati moja! Mtu aliyeelewa jambo hili peke yake, hata kama hajui sheria nyingine, tayari ana kinga: kwa malipo ya namna hiyo, asiye na note de perception hana haki ya kupokea, na hata mwenye nayo, mahali pa makuta ni benki.

Lakini hapa inafaa kuwageukia wengine, wale wanaosimama kwenye kona na kusema: usilipe kitu chochote, wote ni wezi. Wanasikika kama mashujaa. Kwa kweli wao ndio rafiki wakubwa wa yule ajenti wa noti 500. Anayetaka matabishi hana furaha kubwa kuliko kumkuta mtu asiye na karatasi hata moja, maana huyo atatoa chochote. Fundi mmoja wa kuchomelea wa komini ya Kampemba amekaa miaka sita «amejificha», na katika miaka sita hiyo amelipa kimya kimya kiasi ambacho kingenunua mashini ya pili. Hawezi kuomba kazi ya kampuni ya migodi, kwa sababu kampuni inadai fakture yenye namba ya kodi na RCCM. Hawezi kuomba mkopo. Anapita kwa mtu wa kati mwenye karatasi, na mtu huyo anachukua sehemu yake kwenye kila mlango anaouchomelea. Kujificha kunagharimu zaidi kuliko patanti. Hiyo «article 15» ya kujitafutia, ambayo hakuna aliyeiona imeandikwa, imetajirisha watu wengi, ila si wale wanaoishi nayo.

Na wafanyabiashara wapya wenyewe wana kosa lao. Makuta ya mauzo yanakaa kwenye kitenge kimoja na makuta ya nyumba. Jioni inanunuliwa mboga, asubuhi inanunuliwa bidhaa, mwisho wa mwezi hakuna anayejua kama alipata au alipoteza. Ajenti akikadiria mauzo mara mbili ya ukweli, mtu atamjibu kwa nini? Kwa kulia? Kaye ya shule yenye mistari miwili kila siku, kilichoingia na kilichotoka, bei yake ni ndogo kuliko noti ya siku moja ya yule bwana. Aliye na kaye anaweza kubishana. Asiye nayo anaomba huruma.

Kuhusu uzee na ugonjwa, giza ni zito zaidi, na huko hata hakuna ajenti anayekuja kugonga. CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani, inafanya kazi chini ya sheria ya 15 Julai 2016. Hesabu yake imesimama juu ya miguu miwili: mwajiri anatoa asilimia 13 ya mshahara, mfanyakazi anatoa 5, jumla 18. Ndani yake mna pensheni, mna posho ya familia, mna ajali ya kazini. Baba wa Gécamines alikuwa na mguu wa pili bila kujua. Mwanawe anayechomelea hana. Cheche ikimwingia jichoni leo, hakuna 13 ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi ya baba na kazi ya mtoto, kubwa kuliko nyumba na unga, na ndiyo isiyosemwa. Anayejiajiri anajisifu kwamba hana bosi. Hajaambiwa kwamba bosi alikuwa analipa zaidi ya theluthi mbili za mchango wake.

Watu wanajibu: kuna likelemba. Ndiyo, na ni jambo zuri. Mashini nyingi za kushona Katuba zilinunuliwa kwa likelemba. Lakini watu 10 wanaozungusha makuta wanarudishiwa makuta yao wenyewe, hakuna linaloongezeka. Aliyepokea wiki ya pili na kuugua wiki ya tatu anageuka mdeni kitandani. Na hakuna likelemba inayomlipa mzee wa miaka 70. Sheria ya 8 Februari 2017 kuhusu mutualité inawapa watu nafasi ya kujenga kitu chenye nguvu zaidi kwa ajili ya matibabu, pamoja, kwa mchango wa kila mwezi. Kwa upande wa CNSS, kuna swali moja la kupeleka dirishani, na si la mtu mmoja mmoja bali la shirika zima la washonaji au la wenye moto: mtu asiye na mwajiri anaingilia mlango upi, na kwa kiasi gani? Jibu liandikwe, litiwe muhuri. Taifa linalojua kuwafikia wauza nyanya wote kila asubuhi kwa ajili ya noti ya 500 haliwezi kudai kwamba halijui jinsi ya kuwafikia kwa ajili ya uzee wao.

Kinachodaiwa si muujiza. Ni ukuta. Kila komini ina ukuta wa mbele. Katuba unao, Kenya unao, Ruashi unao. Pabandikwe pale, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, jina la kila takse, sheria yake, ofisi yake, kiasi chake cha mwaka huu, na namba ya akaunti ya benki. Burgumestre yeyote anaweza kufanya hivyo kwa karatasi tano na gundi. Anayesema ni vigumu aeleze ugumu uko wapi, maana matangazo ya mikutano ya kisiasa yanabandikwa usiku mmoja mji mzima.

Na wanaomngoja burgumestre aamke mwenyewe wana kifungu cha 27 cha Katiba. Mwananchi, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hakitaji ada wala wakili.

Mama wa atelie sasa ana patanti, imetundikwa ukutani karibu na kioo, pamoja na karatasi ya benki. Ilimchukua siku tatu za kwenda na kurudi, kwa sababu watu watatu kwenye foleni moja walimpa majibu matatu kuhusu mahali pa kuilipia. Mgeni wa nne alirudi. Safari hii mlango ulikuwa wazi, na mama aliomba kuona note de perception yenye jina lake. Bwana alisema ameisahau ofisini, atairudia mchana. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Juu ya meza ya kukatia kuna kaye ya pili, mpya, si ya mauzo: ukurasa wa kwanza una maneno manne ya ombi kwa burgumestre, «Tunaomba bei zibandikwe ukutani», na chini yake yameanza majina ya washonaji, wasusi na mtu mmoja wa moto aliyekuja kushonesha suruali.